Deni la Wanaosifu ya Kale

Ya kale dhahabu, husema watu. Msemo huu ni mzuri, na kama ilivyo misemo mingi mizuri, hutumiwa zaidi na wale unaowafaa. Mwenye umri mkubwa huutumia kumnyamazisha mwenye umri mdogo. Aliyeshindwa leo huutumia kujifunika kwa ushindi wa jana. Ni mara chache kumsikia mtu akiuliza: dhahabu hiyo ilichimbwa na nani, na mchimbaji alilipwa nini?

Nataka kulichunguza swali hili kwa kutumia jambo ambalo baadhi ya wasomaji wataliona dogo, yaani mpira wa miguu. Kwetu huku si jambo dogo. Katika barabara itokayo Makambako kwenda Njombe, na kutoka Njombe kupanda Makete hadi Ipelele, ambako ukungu hushuka mpaka juu ya matuta ya viazi, sijapata kuona kijiji kisicho na wazee wa kuhukumu mpira. Utawakuta jioni kwenye vibaraza vya maduka, wamevaa makoti mazito, mikono mifukoni. Hukumu yao ni moja: mpira ulikuwa wa zamani. Wachezaji wa siku hizi wanacheza kwa fedha. Wale wa zamani walicheza kwa mapenzi.

Ukiisikiliza vizuri hukumu hii utaona ina sehemu mbili. Ya kwanza inahusu ubora: kwamba mchezo ulikuwa mzuri zaidi. Ya pili inahusu moyo: kwamba watu walikuwa wema zaidi. Watu wengi huzichanganya sehemu hizi mbili, na mtu akithibitisha moja hudhani amethibitisha zote. Tuzitenganishe. Tuanze na ubora, maana huo angalau unaweza kupimwa.

Wazee wana mengi ya kutaja. Mwezi Agosti mwaka 1979, huko Ndola, Peter Tino aliifungia Taifa Stars bao la kusawazisha dhidi ya Zambia, na kwa sare ile ya bao 1-1 Tanzania ikapata nafasi ya kwenda Lagos mwaka 1980 katika fainali za Mataifa ya Afrika. Mwaka huo huo wa 1979, Simba ilifungwa nyumbani mabao 4-0 na Mufulira Wanderers, watu wakakata tamaa, kisha ikaenda Lusaka na kushinda 5-0. Mwaka 1974 Simba hiyo hiyo ilikuwa imefika nusu fainali ya klabu bingwa Afrika na kutolewa na Mehalla ya Misri kwa mikwaju ya penalti. Na mwaka 1986 Tukuyu Stars, timu ya mji mdogo ulio upande wa pili wa milima yetu, ilitwaa ubingwa wa Tanzania Bara. Haya yote yalitokea. Si hadithi za kutungwa, na anayeyacheka hana adabu.

Lakini tutazame pia yale ambayo hayatajwi barazani. Huko Lagos timu yetu ilifungwa na Nigeria 3-1, ikafungwa na Misri 2-1, ikatoka sare ya 1-1 na Ivory Coast, ikarudi nyumbani. Baada ya hapo Tanzania haikufika tena fainali hizo kwa miaka 39. Ilifika tena pale ilipoifunga Uganda 3-0 jijini Dar es Salaam tarehe 24 Machi 2019. Sasa, ndugu msomaji, ile miaka 39 ni ya nani? Sehemu kubwa yake imo ndani ya hiyo hiyo "zamani" inayosifiwa. Mzee anaposema zamani, anamaanisha Agosti 1979; hamaanishi Jumapili nyingi za miaka ya 1980 na 1990 aliporudi nyumbani kichwa chini.

Na hii leo inayodharauliwa? Simba ilipofika fainali ya Kombe la CAF mwaka 1993, ikatoka sare bila mabao na Stella huko Abidjan na kisha kufungwa 2-0 nyumbani, tuliamini kwamba tumeona kilele. Lakini mwaka 2023 Yanga ilifika fainali ya Kombe la Shirikisho na kuukosa ubingwa kwa kanuni ya bao la ugenini tu, na mwaka 2025 Simba nayo ikafika fainali ya kombe hilo. Mbwana Samatta alitwaa ubingwa wa Afrika na TP Mazembe mwaka 2015, akatajwa kuwa mchezaji bora wa Afrika miongoni mwa wanaocheza ndani ya bara, na mwaka 2020 akacheza katika ligi kuu ya Uingereza. Kwa kipimo cha matokeo, basi, hukumu ya barazani haisimami. Hatukuwa wakubwa kisha tukawa wadogo. Ukweli unakaribia kuwa kinyume chake.

Mbona basi watu waaminifu, wasio na sababu ya kusema uongo, wanaona vingine?

Sababu ya kwanza ni kwamba kumbukumbu ni ungo. Inapeta. Makapi yanapeperuka, punje zinabaki. Mchezo wa leo bado haujapetwa: tunaupokea pamoja na pasi zake mbovu, mabishano juu ya waamuzi na mechi zake za kuchosha. Tunalinganisha ngano iliyopetwa na ngano iliyotoka shambani asubuhi hii, kisha tunamlaumu mkulima wa leo kwa makapi.

Sababu ya pili ni redio. Tanzania Bara haikuwa na televisheni hadi mwaka 1994. Kwa hiyo sisi wa Ipelele, na wengi wa wazee wanaohukumu leo, hatukumwona Peter Tino akifunga. Tulimsikia. Tulikaa kuizunguka redio ambayo betri zake zilikuwa zimeanikwa juani tangu asubuhi ili zipate nguvu kidogo, tukaisikiliza Radio Tanzania Dar es Salaam, na sauti za watangazaji kama Ahmed Jongo ndizo zilizotupa macho. Uwanja ulikuwa mpana kadiri msikilizaji alivyoweza kuupanua. Mtangazaji akisema mchezaji amewapita wawili, kila mmoja wetu aliwapitisha hao wawili kwa namna aliyoona ni nzuri kuliko zote. Kijana wa leo anakaa katika kibanda cha kuonyesha mpira hapo Makambako, anaona bao hilo hilo likirudiwa kutoka pande nne, anaona kwamba beki aliteleza, anaona kwamba mfungaji alikusudia kupiga kona ile na mpira ukaenda kona hii. Mchezaji wa redio hakosei kama mchezaji wa televisheni. Si haki kuwapanga mstari mmoja.

Sababu ya tatu ni nyeti zaidi, nami nitaisema kwa upole. Mwaka 1979 nilikuwa na miaka kumi na mitano. Nchi ilikuwa imetoka vitani na Idi Amin, sabuni ilikuwa adimu, sukari ilikuwa adimu. Lakini marehemu baba alikuwa hai, na redio ilikuwa yake, na siku ya mpira alinisogezea kigoda nikae karibu naye kana kwamba mimi ni mtu mzima. Nikisikia jina la Ndola, kinachonijia kwanza ni kile kigoda, kabla ya bao lenyewe. Nadhani kila mmoja katika wale wazee ana kigoda chake. Tunaposema mpira wa zamani ulikuwa mtamu, mara nyingi tunasema kwamba tulikuwa na magoti mazima, tuliokuwa tukiwapenda walikuwapo, na njia za maisha zilikuwa bado hazijafungwa. Hilo ni kweli, na si aibu kulililia. Ila tusimtwishe mzigo huo mchezaji wa miaka ishirini ambaye hakumuua baba wa mtu.

Wala mazoea haya si ya Watanzania peke yao. Chukua mpira wa kikapu wa kulipwa wa Marekani, mchezo ambao wengi wetu tuliuona kwanza katika viwanja vya seminari na shule za sekondari. Waliokuwa vijana katika miaka ya 1990 wanaapa kwamba mchezo ule uliisha Michael Jordan alipoondoka. Wa sasa, wanasema, ni kutupa mpira kutoka mbali tu. Ukweli kiasi upo. Mstari wa alama tatu ulianza kutumika katika ligi yao msimu wa 1979/80, na msimu wa 2015/16 mchezaji mmoja, Stephen Curry, alifunga mitupo 402 ya aina hiyo. Lakini hata Jordan alipokuwa uwanjani walikuwapo waliosema kwamba mtu alikuwa Bill Russell, aliyetwaa ubingwa mara 11 kati ya mwaka 1957 na 1969. Kila kizazi kina Ndola yake.

Jambo la kutazama ni hili. Katika zama za Russell mchezaji wa ligi ile hakuwa na uhuru wa kuchagua timu. Mkataba wake ukiisha, timu iliyomshika iliendelea kummiliki. Oscar Robertson, akiwa kiongozi wa chama cha wachezaji, alifungua kesi mwaka 1970; ikaisha kwa makubaliano mwaka 1976, na hapo ndipo njia ya mchezaji kuhama kwa hiari ilipoanza kufunguka. Miaka mingi baadaye wakaingia na wa kwetu: mwaka 2009 Hasheem Thabeet, kijana wa Dar es Salaam, alichaguliwa wa pili katika uteuzi wa wachezaji wapya wa ligi hiyo, na mwaka 2022 Jonathan Kuminga, mzaliwa wa Goma ambako Kiswahili hiki chetu kinasemwa sokoni na nyumbani, alitwaa ubingwa na timu ya Golden State. Anayetamani zama za Russell zirudi kama zilivyokuwa, anatamani na minyororo yake irudi, hata kama hakusudii.

Mfano huo wa mbali unatupeleka kwenye sehemu ya pili ya hukumu ya barazani, ile ya moyo. Lakini kabla ya kuifikia, ni lazima niwape wazee haki yao, maana kuna jambo moja ambalo wanalililia kwa sababu njema.

Tukuyu Stars kuwa bingwa mwaka 1986 halikuwa jambo la kila mwaka. Hata katika zamani hiyo inayosifiwa, Yanga ilitwaa ubingwa mara tano mfululizo kuanzia 1968 hadi 1972, na Simba mara tano mfululizo kuanzia 1976 hadi 1980. Hata hivyo mlango ulikuwa wazi kidogo. Mseto ya Morogoro ilipita mwaka 1975, Tukuyu 1986, Coastal Union ya Tanga 1988. Baada ya Mtibwa Sugar kutwaa ubingwa mwaka 1999 na 2000, ni Azam peke yake, msimu wa 2013/14, iliyoweza kuzipokonya Simba na Yanga, nayo ni timu ya Dar es Salaam. Mtoto wa Makete au Rungwe wa leo hana sababu ya kuota kwamba timu ya mji wake itakuwa bingwa wa nchi. Njombe Mji ilipopanda Ligi Kuu msimu wa 2017/18, Simba na Yanga zikaja kucheza Njombe, na watu waliozijua kwa redio na televisheni wakaziona kwa macho yao. Msimu huo huo timu yetu ikashuka. Huo ni upungufu wa kweli, na anayeulilia halilii ujana wake tu.

Ila sababu ya upungufu huo si tamaa ya wachezaji. Timu nyingi za mikoa zilibebwa na mashirika ya umma na vyama vya ushirika. Majina yenyewe yanasema: Reli ya Morogoro, Bandari ya Mtwara, Ushirika ya Moshi, RTC ya Kagera. Mchezaji aliajiriwa na shirika, akafanya kazi asubuhi au akasemekana kufanya, jioni akacheza. Katika miaka ya 1990 mashirika mengi yaliuzwa au yalifungwa, na timu zikafa pamoja nayo. Si mchezaji aliyeondoka kwa ajili ya fedha. Nyumba ndiyo iliyobomoka akiwa ndani. Mwenye kulalamika na aelekeze malalamiko mahali panapohusika.

Sasa tuje kwenye mapenzi. "Walicheza kwa mapenzi, si kwa fedha." Nimeisikia kauli hii mara nyingi mno, na kwa miaka mingi hakuna aliyeijibu mbele yangu. Aliyeijibu alikuwa mmoja wa hao hao waliosifiwa. Ni mtu wa huku kwetu juu, mkubwa wangu kwa miaka michache, aliyecheza katika miaka ya 1980 katika timu ya shirika moja la umma. Sitamtaja, wala sitalitaja shirika. Aliumia goti katika mechi, akafungwa bandeji, akaambiwa apumzike wiki mbili, akarudishwa uwanjani baada ya wiki moja kwa sababu mechi ilikuwa kubwa. Shirika lilipokufa alirudi nyumbani bila kiinua mgongo cha maana, na tangu hapo anauza viazi. Jioni moja Makambako tulikuwa tumeketi naye, na wenzetu wawili wakaanza kumsifu mbele ya vijana: mwoneni huyu, huyu alicheza bure, kwa mapenzi, si kama ninyi. Yeye alikuwa akinyoosha mguu taratibu kama anavyofanya kila akikaa. Akasema, bila hasira, "Wadogo zangu, sifa zenu nazisikia mwaka wa thelathini huu. Goti langu bado halijazisikia."

Watu walicheka, kisha wakanyamaza.

Nimelitafakari sana neno lile, na ninaona limeonyesha kasoro iliyo ndani ya sifa zetu. Tunaposema walicheza kwa mapenzi tunasema jambo ambalo huenda ni kweli kuhusu mioyo yao. Lakini papo hapo tunasema jambo jingine kuhusu sisi wenyewe: kwamba tulipata furaha kubwa na hatukuilipa. Tunaugeuza umaskini wao kuwa fadhila yao, na fadhila yao inakuwa pambo letu. Mtu aliyepewa chakula na jirani maskini, akala akashiba, kisha akaenda kumsifu kijijini kwamba jirani yule ni mkarimu, anatoa hata asipolipwa, huyo amesema kweli. Ila hajalipa. Na kadiri anavyozidi kusifu, ndivyo anavyozidi kujisikia kwamba amekwisha lipa.

Hapo ndipo ninapoiona hatari ya kusifu ya kale. Wengi huonya kwamba kunatufanya tuone vibaya ya leo, nami nimekwisha sema kwamba ni kweli. Lakini hatari kubwa zaidi ni kwamba kunatufanya tujione wema bila kutenda wema. Ni upendo usiogharimu kitu. Marehemu habishi, na aliyestaafu hayupo uwanjani kudai.

Msomaji anaweza kunipinga hivi: je, fedha hazijaharibu kitu? Zimeharibu. Sitaki kuwa kama wale wanaosifu ya leo kwa upofu ule ule wa wanaosifu ya jana. Siku hizi kijana anaweza kutazama mpira dakika tisini bila kujali nani anacheza vizuri, akijali tu kama mkeka wake utachanika au la. Viongozi wanatafuta sifa kwa kusajili majina. Mwaka 2021 haki za kuonyesha Ligi Kuu ziliuzwa kwa mkataba wa miaka kumi wa shilingi bilioni 225.6, na fedha nyingi kiasi hicho haziwezi kupita mahali bila kuvuta na wasiojali mchezo. Hayo ni ya kusemwa na kukemewa.

Hata hivyo, kutoka hapo kufika kwenye "fedha huua mapenzi" ni kuruka mto bila daraja. Muuguzi analipwa, na wako wauguzi wanaowapenda wagonjwa. Mwalimu analipwa, na mimi niliyefundisha miaka thelathini nawajua walioipenda kazi na walioichukia, wote wakipokea mshahara wa daraja moja. Kutolipwa hakuthibitishi upendo. Aghalabu kunathibitisha tu kwamba hapakuwa na wa kulipa. Na yule wa zamani, kama angepewa mkataba wenye kipengele cha matibabu, angeukataa kwa sababu ya mapenzi? Nilimuuliza mwenye goti. Alinitazama kama mtu anayemtazama mtoto.

Kuna kijana wa ukoo wetu, mtoto wa marehemu kaka yangu, aliyepata nafasi katika timu ya daraja la chini. Kabla ya kutia saini alikuja nyumbani kwangu na karatasi. "Shikamoo baba mdogo. Naomba unisomee hapa panaposema nikiumia." Tulisoma pamoja, mstari kwa mstari. Palikuwa pamesemwa machache, na nilimshauri arudi akaombe yaongezwe, naye akarudi. Barazani wakasema: mmeona, hata hajagusa mpira anauliza fedha. Walidhani wanautetea mchezo wa zamani. Kwa maoni yangu, kijana yule alikuwa ameuelewa mchezo wa zamani kuliko wao. Alikuwa amemwona mzee akinyoosha mguu.

Tunafanya ukatili gani, basi, tunapomwambia kijana kwamba wakati mzuri ulikwisha kabla hajazaliwa? Tunamwambia kwamba lolote atakalofanya litakuwa makombo. Mtoto wa Ipelele anayekimbia na mpira wa makaratasi katika uwanja ulioinama upande mmoja, ukungu ukimficha golikipa, hahitaji kusikia hivyo. Naye ana haki ya kuwa na 1979 yake. Labda ndiyo anayoiishi sasa hivi, na miaka arobaini ijayo ataisimulia kwa chumvi ya kutosha, na sisi tutakuwa tumo ndani ya simulizi hiyo, ama kama watu waliomsogezea kigoda, ama kama watu waliomwambia kwamba hakuna kitu cha kutazama.

Je, tuache kusifu ya kale? La hasha. Kusahau ni kubaya kuliko kusifu. Kizazi kisichojua kwamba Tukuyu iliwahi kuwa bingwa kimenyimwa mali yake. Ninachosema ni kwamba sifa ni hundi, na hundi inapaswa kuwa na fedha benki. Anayetaka kumsifu mchezaji wa zamani na aanze kwa kujua jina lake lote, alicheza nafasi gani, yuko wapi sasa, anaishi na nani. Ayaandike, maana magazeti ya zamani yanachakaa na watangazaji wanakufa. Akimkuta yu hai na ni mgonjwa, ampeleke hospitali kabla ya kumpeleka barazani. Akimkuta amekufa, awatazame watoto wake. Na akikutana na kijana mwenye mkataba mkononi, amsomee mstari unaosema akiumia.

Ukisifu namna hiyo, ya kale hayamkandamizi wa leo. Yanamkinga. Kila jambo ambalo wa zamani walilikosa, tukilikumbuka kwa usahihi, linakuwa jambo la kudai kwa ajili ya wanaofuata. Robertson alifanya hivyo kwao: aliifahamu minyororo kwa sababu ilikuwa miguuni pake, na hakuwasimulia wadogo zake kwamba minyororo ilikuwa ya mapenzi.

Wale wenzetu wawili waliomsifu mwenye goti jioni ile walikuwa watu wazuri, na bado ni watu wazuri. Baada ya kimya kile mmoja wao aliuliza kipimo cha goti hospitalini ni shilingi ngapi. Hakuna aliyejua. Ndipo nilipotambua kwamba tulikuwa tunajua mabao yote ya mtu huyu, dakika kwa dakika, na hatukuwa tumewahi kuuliza jambo hilo moja. Kesho yake tuliuliza. Si kiasi kidogo, lakini ni chini ya thamani ya magunia ya viazi ambayo watu wanne wanaweza kuuza kwa msimu mmoja. Tumekwisha anza kuchanga.